Kwenu wakubwa wa uvuvi: karatasi zetu za samaki mnazisoma?

Asalaam aleikum wakubwa zetu, wa kaunti na wa Nairobi, na nyinyi wa miradi mnaokuja na fulana na kofia. Naandika kutoka Lamu, kisiwani. Jina la bandari yangu sitalitaja manake sitaki mtu mwengine aanze kuulizwa maswali kwa sababu yangu, lakini kazi yangu mnaijua kwa kuwa nyinyi wenyewe ndio mlioileta. Mi ndiye nikaaye pale penye mizani na fomu, chombo kikifika naandika: mashua au dau au hori, wavuvi wangapi, wametumia nyavu au malema ya kutegea au mshipi, wametoka saa ngapi na kurudi saa ngapi, wamevua wapi, samaki gani, kilo ngapi, bei gani. Mwisho wa mwezi nazifunga napeleka, mwezi mwengine naanza tena.

Zikifika huko nani anazisoma?

Nauliza hivi manake nimefika pahali naona kazi yenyewe haina maana, asubuhi nikichukua kalamu mkono unakuwa mzito, na si uvivu, kazi naijua na naifanya, ila mtu akifanya kitu miaka na haoni kinaangukia wapi roho inachoka hata kama mwili una nguvu. Vijana barazani huniambia we unaandika nini na hao samaki washaliwa, na wavuvi wazee, watu ninaowaheshimu kama baba zangu, siku hizi nikiwauliza mmevua wapi leo wananijibu "baharini" halafu wanapita, kwa sababu wameulizwa sana na hawajaona kitu. Kwa kweli hapo sina la kuwajibu. Ningekuwa na hata jambo moja la kuwaonyesha, kwamba jamani kile mlichoniambia mwaka jana kimefanya hivi, ningewasimamisha na kuwaambia.

Na kabla mtu hajasema huyu anatafuta nyongeza, posho ni ndogo na huchelewa, hilo mnalijua, lakini barua hii haihusu pesa. Hapa kwetu wapo watu wanapata kidogo kuliko mimi na wakirudi nyumbani wanajua wamefanya kitu. Anayebeba mawe kwa punda anaona nyumba ya mtu imesimama, fundi wa Matondoni anaona chombo kimeshuka maji kinaelea, mama anayekaanga viazi jioni anaona sahani imerudi tupu. Mimi naona fomu imejaa, na kesho yake fomu nyengine nyeupe.

Ntawaambia kilichonifanya niandike. Nilienda ofisi moja kuchukua fomu mpya, nikaambiwa ingia stoo ujichukulie. Ndani kuna magunia na maboksi, na katika hayo nikayaona mafurushi yangu. Mi hufunga karatasi kwa uzi wa nyavu, fundo la kivuvi alilonifundisha babu yangu, si fundo la kufunguliwa na mtu wa ofisi halafu akalirudisha lilivyokuwa. Lilikuwa lilivyokuwa. Nikatazama la chini yake, la mwaka wa nyuma, nalo vile vile, panya wameshaanza kula pembe. Karatasi zenye majina ya vyombo ambavyo vyengine havipo tena, zenye saa za watu waliorudi na mawimbi ya kusi, ule msimu wa upepo mkali, nikawangoja gizani niandike kilo zao, zimekaa pale hazijaguswa. Nilichukua fomu zangu mpya nikatoka, nikakaa gatini boti mbili zikaondoka bila mimi kwa sababu sikuwa na hamu ya kwenda popote.

Mtaniambia siku hizi ni simu, karatasi zimepitwa. Simu nimepewa, ina programu, nashukuru. Netiweki ikipatikana nabonyeza, inaandika imetumwa, na hapo ndo mwisho wake. Hakuna aliyewahi kunipigia akasema karani, jana umeandika kilo hizi za kolekole, ni kweli au kidole kimeteleza? Siku moja tu nikiulizwa hivo ningefurahi, manake aniulizaye hivo amesoma.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nadhani hamjalifikiria, na ndilo kubwa. Karani akishaamini kwamba hakuna anayesoma, ataandika chochote. Sisemi natuhumu mtu na mimi binafsi sijafanya, lakini naielewa ile njia inavyoanza. Siku moja jua kali chombo kimechelewa, unakadiria kilo kwa macho. Wiki inayofuata unakadiria vyombo viwili. Mwisho unakaa nyumbani na chai yako unajaza mwezi mzima kwa kukumbuka mwezi uliopita, na fomu inapendeza kuliko ya mkweli kwa sababu haina mafuta ya samaki. Halafu nambari hizo zinapanda, zinajumlishwa na za wenzetu wa Kilifi na Kwale, zinaingia kwenye ripoti yenye jalada la rangi, waziri anazisoma, bajeti inapangwa, injini na barafu zinapelekwa pahali kwa hesabu iliyotoka kwenye kikombe cha chai. Nyinyi mkidhani mnajua bahari ina nini, na hamjui. Kutusahau sisi wa mizani kunawafanya nyinyi vipofu. Wala hakuna semina itakayotibu hilo. Mtatufundisha kujaza fomu mpaka mchoke, lakini shida yetu haikuwa kutojua kujaza.

Kilichonizuia mimi ni chuo cha Kurani nilikosomeshwa, manake Sura ya Al-Mutaffifin inaanza na ole wa wenye kupunja vipimo, na nililelewa nikijua mizani ni kitu ambacho mtu ataulizwa nacho. Hilo linanitosha mimi na Mola wangu. Lakini serikali haiwezi kutegemea kila karani awe na hofu hiyo halafu yenyewe isifanye sehemu yake.

Na kazi hii ina maana, ndo maana inaniuma. Ingekuwa kweli ni ya bure ningeiacha nikavue. Tuseme mashua moja, watu wanne, zamani wanatoka alfajiri wanarudi adhuhuri na kilo 40. Leo watu wale wale na nyavu zile zile wanarudi na kilo 40 hizo hizo, ila wamerudi magharibi na wamekwenda mpaka kule Kiwayu. Anayetazama kilo peke yake atawaambia samaki hawajapungua, lakini anayetazama kilo na saa pamoja ataona kwamba bahari inatoa nusu ya ilivyokuwa inatoa kwa saa, na mafuta yamekula faida yote. Hiyo haionekani kwa setilaiti wala kwa mtu aliyekuja siku mbili na kamera. Inaonekana kwa karani aliyeandika saa ya kutoka na saa ya kurudi kila siku bila kuchoka. Kile kisanduku cha saa, ambacho kila mtu anakiona ni usumbufu, ndicho chenye habari yote.

Mambo ya bandari mpya nanyi mnayajua. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari na barabara za kwenda mpaka Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, bahari ikachimbuliwa, mikoko ikakatwa, matope yakafunika matumbawe na nyasi za bahari ambamo samaki wanazaliana, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya hayo wavuvi walikwenda kortini, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimevunjwa, haki ya mazingira safi, haki ya kupewa habari, na haki ya utamaduni wao wa kuvua, ikaamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Ukizigawa sawa sawa inakaribia 380,000 kwa kila mmoja, na hata baada ya hukumu watu walingoja miaka. Mimi hukumu ile niliisikia kwa furaha kama kila mtu hapa, lakini usiku nikawa nafikiria jambo jengine. Mtu amesimama mbele ya mawakili wa upande wa pili, anaulizwa, wewe kabla ya kuchimbuliwa ulikuwa unapata kilo ngapi pale mkondo wa Mkanda? Atajibu na nini? Baba yangu ana kumbukumbu nzuri kuliko kompyuta lakini wakili hataki kumbukumbu, anataka karatasi yenye tarehe. Karatasi hizo tunaziandika sisi. Likija jambo jengine kubwa, na Lamu mambo makubwa hayaishi, mwaka 2019 tulikuwa bado tunahangaika na ile stesheni ya umeme wa makaa ya mawe mpaka mahakama ya mazingira ikaifuta leseni yake, likija jengine basi ushahidi wa mvuvi ni yale mafurushi yaliyoliwa pembe na panya.

Tena si kesi peke yake. Wenzetu wa upande wa Malindi waliteta na meli za kukokota nyavu pale ghuba ya Ungwana miaka mingi, mpaka 2006 zikasimamishwa, na mpango wa uvuvi wa kamba ulipokuja 2010 ukaweka msimu wa kufunga na umbali wa kukaa na pwani. Umbali ule na miezi ile haikuanguka kutoka mbinguni, ni mtu aliangalia kamba wanakuwa wadogo lini na wapi. Kamba wenyewe lazima wawe wamepimwa na mtu, na mtu huyo ni wa aina yangu, amekaa juani na mizani.

Kuna mambo fomu yenyewe haiyajui na tungependa kuwaambia lakini hakuna pa kuandika. La kwanza ni siku ambayo hakuna aliyetoka. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku huku Lamu miaka, na jarife ni nyavu za kulaza usiku, kwa hivo watu wenye majarife walikaa nyavu zimeanikwa zinaoza jua. Kwenye fomu hasara hiyo haipo. Fomu inaanza chombo kikirudi, chombo kisichotoka ni kama hakijazaliwa. Ukizisoma utadhani wavuvi walipungua au walilala, kumbe walizuiwa. Tuwekeeni pahali pa kuandika sufuri na sababu yake, upepo, marufuku, injini mbovu, msiba, chochote. Sufuri nayo ni habari.

La pili ni mama zetu na dada zetu. Maji ya bamvu yakitoka, wanawake wanashuka mwambani kwa miguu na kijiti au chuma kutafuta pweza, wanarudi wanauza mlangoni au wanapika, hawapiti kwenye mizani yangu. Na hata wakipita siwezi kuwaandika, kwa sababu kisanduku cha kwanza kinasema aina ya chombo na programu haikubali kuendelea bila hicho. Mguu hauko kwenye orodha. Basi kwa hesabu zenu pweza wale hawapo na wale wanawake hawafanyi kazi. Mimi nina mtu wangu wa karibu amesomesha watoto kwa pweza na katika takwimu za nchi hii hajawahi kuvua hata mmoja. Nikisema kazi yangu naiona haina maana, nafikiria na yeye, ambaye kazi yake haikuandikwa hata na mimi ninayemuona akipita. Na pweza si kitu cha kupuuza, anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo na akiwa mdogo anakua haraka sana, ndo maana huko Pate wamewahi kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili ikifunguliwa wawapate wakubwa. Kazi kama hiyo inataka kuhesabu kabla na baada. Nani ahesabu kama hesabu haina pa kukaa?

Na la tatu ni samaki aitwaye tafi, hili nawaomba mnijibu hasa. Kusi iliyopita na ile ya kabla yake nimewaona tafi wanaokuja kwangu ni wadogo, wa kulala kiganjani, na wakipasuliwa baadhi yao tumboni wana mayai. Zamani samaki wa kiasi kile tulikuwa tunamwita mtoto, hana mayai. Je ni nyavu za macho madogo zimewamaliza wakubwa kwa hivo waliobaki wanazaa mapema? Au ni zile nyasi za bahari wanazokula na kujificha zimepungua tangu kuchimbuliwa? Au ni sehemu ninayoletewa mimi tu na kwengine hali ni nzuri? Niliandika pembeni ya fomu kwa kalamu nyekundu, nikaandika tena mwezi uliofuata, nikauliza kwa mdomo nilipopeleka. Mimi sina elimu ya kujibu, nina macho tu na mizani, wenye elimu ni nyinyi na mko na mishahara ya kujibu swali kama hilo. Hapo ndipo nilipojisikia mdogo kuliko siku zote, si kwa sababu swali lilikuwa gumu, ni kwa sababu niliuliza jambo la kweli na ikawa kama nimeliuliza ukuta.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Kila bandari ipewe jina la mtu na nambari ya simu, mtu ambaye kazi yake ni kusoma tunachotuma na kutupigia akiona kitu hakikai sawa. Kisha mara mbili kwa mwaka, kabla ya kaskazi kuanza na kabla ya kusi, mturudishie nambari zetu kwenye karatasi moja kwa Kiswahili cha kueleweka, tuibandike bandani, wavuvi waisome na wabishane nayo. Waacheni wabishane, mvuvi akisema hapana hapa mmekosea, mwezi ule tulikuwa tunapata zaidi, hapo ndo mmepata kitu ambacho hamkuwa nacho. Na mkishaamua jambo kwa kutumia nambari zetu, kufunga pahali, kukataza zana, kuleta barafu, semeni ilitoka wapi. Semeni tumeangalia fomu za bandari fulani na fulani. Maneno hayo machache yangefanya kazi kubwa kuliko alawansi ya semina, wallahi.

Mizani nayo ije ikaguliwe na watu wa vipimo. Yangu ina kutu na matajiri wanaonunua samaki wanaijua kasoro yake kuliko ninavyoijua mimi, mvuvi akiwa na deni la tajiri hata kilo anazibishia kwa sauti ndogo.

Sheria iko upande wetu, najua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo na serikali, na sheria ya uvuvi ya 2016 imetaja ushirikishwaji wa wananchi vizuri kabisa. Ningeweza kuandika barua rasmi ya kudai. Lakini nifikirieni kidogo, nidai kwa sheria nipewe maandishi yangu mwenyewe niliyoyaandika kwa mkono wangu? Sitaki tufike huko. Nataka mtu tu afungue lile fundo.

Wenzangu wa bandari nyengine, kuanzia Kiunga na Kizingitini mpaka Kipini na Ngomeni, wengi wanahisi hivi na hawasemi kwa kuogopa kuambiwa basi acha kazi, wako wengi wanaitaka. Ni kweli wako wengi. Lakini mkimtoa huyu mkamuweka yule na mkaendelea kunyamaza, baada ya misimu miwili mitatu naye atakuwa anatazama fomu kama ninavyoitazama mimi, ila huenda yeye hakusoma chuo kimoja na mimi.

Basi tuanze na tafi. Mwenye kujua aniandikie au anipigie, ofisini wanayo nambari yangu, iko juu ya kila fomu. Hata kama jibu ni kwamba nimeona vibaya nitalisoma bandani siku hiyo hiyo vyombo vikifika, na nitamtaja aliyejibu kwa jina lake.

Wenu, karani wa mizani,
Lamu.